Mkulima na Roshani ya Ghorofani

Mimi ni Bibi Shamba wenu kutoka chuo cha kilimo, na kama kawaida naomba muda wenu kidogo. Mwenye jembe aliegemeze ukutani, na anayepukuchua mahindi aendelee kupukuchua huku anasikiliza.

Leo sitazungumza juu ya nafasi ya kupanda mahindi, wala juu ya kuogesha ng'ombe. Nitazungumza juu ya roshani, yaani kile kibaraza kinachotokeza nje ya nyumba ya ghorofa, ambacho wengine mjini hukiita balkoni. Nitazungumza pia juu ya uwanja wa pamoja, ule unaotumiwa na watu wote wa jengo moja. Najua baadhi yenu mmeanza kucheka. Mnasema, "Bibi Shamba leo amepotea njia. Sisi na ghorofa wapi na wapi?"

Hebu tuulizane. Ni nani kati yenu ambaye hana mtoto, ndugu au mkwe anayeishi mjini? Zamani kijana akienda mjini alipanga chumba katika nyumba ya kawaida yenye ua. Mama yake akienda kumtembelea alikuta mahali pa kuanika muhogo na pa kupanda mashina mawili matatu ya mchicha. Siku hizi viwanja vya mjini ni ghali, na majengo yanakwenda juu. Pale Kariakoo, Dar es Salaam, nyumba nyingi za zamani zenye ua zimebomolewa, na mahali pake pamesimama maghorofa. Watoto wetu wananunua sehemu ndani ya majengo kama hayo. Na fedha ya kununulia mara nyingine inatoka wapi? Inatoka kwako wewe, ndugu mkulima. Zinauzwa ekari mbili, wanauzwa ng'ombe watano, kijana anapata cha kuanzia. Kwa hiyo jambo hili ni lako. Ukiuza ardhi kununua sehemu iliyo hewani, ni lazima ujue unachonunua.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana mwalimu anayeficha makosa yake hafundishi.

Mama yangu mzazi ni mkulima. Miaka michache iliyopita alianza kuumwa, ikabidi akae karibu na hospitali, nyumbani kwa kaka yangu, ghorofa ya tatu. Wiki ya kwanza alifurahi. Wiki ya tatu kaka akanipigia simu. Akasema, "Dada, mama hali vizuri. Tangu asubuhi anakaa roshani anatazama chini. Anasema anarudi kijijini, mambo ya hospitali basi." Na daktari alikuwa amesema kabisa kwamba asikatishe dawa.

Mimi nikajiona nimeujua ugonjwa. Nikasema, huyu anakosa kazi ya mikono. Siku ya mapumziko nikaenda na magunia manne, udongo, samadi na kokoto. Nikayajaza vile vile tunavyofundisha vijijini, na nguzo ya kokoto katikati ya kila gunia ili maji yashuke vizuri. Nikayapanga kwenye ukingo wa roshani penye jua. Tukapanda mchicha na sukumawiki. Mama akacheka, nami nikarudi chuoni nimefurahi.

Haikupita miezi miwili. Kwanza, kila mama alipomwagilia, maji ya matope yalishuka yakachafua nguo za mama mmoja wa ghorofa ya pili. Alivumilia mara mbili, ya tatu akapanda juu na shuka lake mkononi. Pili, fundi mmoja mzee wa ujenzi, mkazi wa jengo lile lile, alikuja kutazama. Akatuonyesha ufa mwembamba sakafuni, pale roshani inapoungana na nyumba. Akauliza, "Mzigo huu ameuweka nani?" Nikasema, "Ni mimi mzee wangu, mimi ni mtaalamu wa kilimo." Akanitazama. Akasema, "Mwanangu, udongo unaujua, lakini zege huijui." Kamati ya wakazi ikaamuru magunia yatolewe siku ile ile. Mama akaingia chumbani akaanza kufunga kibegi chake.

Basi, ndugu zangu, tujifunze pamoja mambo ambayo mimi nilijifunza kwa aibu.

Jambo la kwanza ni uzito. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Lakini lita moja ya udongo ulioloa ina kilo kama 1.7 hivi. Sasa chukua gunia linaloingia kilo 100 za mahindi. Nafasi yake ni kama lita 130. Ukilijaza udongo na kuumwagilia, linafika kilo 220. Magunia yangu manne yalikuwa yanakaribia kilo 900. Ni sawa na watu wazima 13 wamesimama kwenye ukingo wa roshani, usiku na mchana, hawaondoki.

Na roshani ikoje? Tazama tawi la mwembe. Mtoto akikaa karibu na shina, tawi limetulia. Akisogea kwenye ncha, tawi linainama, na likipasuka linaanza kupasuka upande wa juu karibu na shina. Roshani nyingi zimetokeza vivyo hivyo, hazina nguzo chini. Ndiyo maana nondo zake kubwa huwekwa upande wa juu wa zege. Sakafu ikipata ufa pale karibu na ukuta, maji yanaingia, nondo zinashika kutu, kutu inavimba, na zege inabanduka. Mahali penye upepo wa bahari kutu huenda mbio zaidi, kwa sababu ya chumvi.

Msidhani haya ni maneno ya kutishana. Mwezi Juni 2015, katika mji wa Berkeley, Marekani, roshani ya jengo la ghorofa ilianguka ikiwa na watu wengi juu yake, wakafa vijana 6. Ile ilikuwa imebebwa na mbao, na mbao zilikuwa zimeoza kwa maji yaliyoingia ndani. Zege au mbao, adui ni yule yule: maji yasiyokuwa na njia ya kutokea.

Kwa hiyo kanuni ni hizi. Tumia vyombo vidogo, kwa mfano ndoo au madebe yaliyokatwa nusu, ya lita 10. Kila kimoja kikiloa kina kilo 17 hivi. Vyombo vinane ni kilo 136, yaani kama watu wawili tu. Vipange karibu na ukuta wa nyumba, si kwenye ukingo. Udongo wake uwe mwepesi: debe moja la udongo, debe moja la mboji iliyoiva, na nusu debe la pumba za mpunga au makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Lakini ukiona ufa, au madoa ya kutu, au nondo zimechungulia nje, usiweke hata sufuria. Iambie kamati, na aitwe mhandisi.

Jambo la pili ni maji. Shambani maji yakizidi yanakwenda bondeni. Ghorofani bonde ni jirani yako. Toboa vyombo chini, lakini kila chombo kikalie sahani au beseni pana. Mwagilia asubuhi, polepole, kwa kopo. Chombo cha lita 10 kinatosha kwa lita moja kwa siku, na jua likiwa kali ongeza kidogo jioni. Hizo sahani zisiachwe na maji yaliyotuama. Zimwage na kuzisugua kila baada ya siku chache, maana mbu wa homa ya dengue huzaliana katika maji kidogo ya namna hiyo. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014, na tena mwaka 2019.

Jambo la tatu ni jua na upepo. Wewe mkulima unajua shamba lako linapata jua lote. Roshani hupata jua la upande mmoja tu. Inayotazama mashariki hupata jua la asubuhi, nalo ni zuri kwa mboga za majani. Inayotazama magharibi hupata jua kali la alasiri, na ukuta nao unatoa joto hata baada ya magharibi. Huku kwetu kusini ya ikweta, mwezi Juni jua limeelekea kaskazini, kwa hiyo roshani ya kusini hukaa kivulini miezi hiyo. Mwezi Desemba mambo hugeuka. Kaa siku moja uhesabu saa. Penye saa 6 za jua au zaidi, panda nyanya, pilipili na sukumawiki. Penye saa 3 au 4, panda giligilani, mnanaa, vitunguu vya majani na saladi. Mchicha huvunwa baada ya wiki 3 au 4. Usiung'oe, ukate, nao utachipua tena. Na kadiri unavyopanda juu ndivyo upepo unavyozidi, kwa hiyo nyanya ifungwe kwenye mti imara, na chombo chochote kisitundikwe nje ya ukingo. Ndoo ikianguka kutoka ghorofa ya nne si ndoo tena, ni jiwe la kuua.

Na hapa niseme juu ya watoto. Ukingo wa roshani ulio salama hufika kama mita 1.1, yaani juu kidogo ya kiuno cha mtu mzima wa kimo cha kawaida, na nafasi kati ya vyuma isizidi sentimita 10, ili kichwa cha mtoto kisipite. Lakini ukiweka ndoo ya mchicha chini ya ukingo, umemtengenezea mtoto ngazi. Hii ni sababu nyingine ya kuweka vyombo ukutani.

Sasa nije kwenye uwanja wa pamoja, maana hapo ndipo mama yangu alipofungua kibegi chake.

Nyuma ya jengo lile palikuwa na eneo la hatua kama 20 kwa 12. Nusu ilikuwa ya magari. Nusu ya pili ilikuwa na matofali yaliyovunjika, mifuko ya plastiki na kiti cha gari kuukuu. Kila mkazi alisema si lake. Kumbe lilikuwa la wote, na ndiyo sababu halikuwa na mtu. Yule fundi mzee ndiye aliyesema katika mkutano wa wakazi: "Huyu mama anataka udongo, na udongo uko chini. Mbona tunampandishia udongo juu badala ya kumshusha yeye?"

Walikubaliana kwa masharti. Takataka zitolewe siku moja, kila nyumba itoe mtu mmoja. Matuta yawe mbali na mashimo ya maji machafu na mbali na pale magari yanapomwaga oili. Bomba moja liwekewe mita yake, na bili igawanywe kwa wanaolima. Upande wa jua uachwe kamba za kuanikia nguo. Upande mwingine upandwe miti miwili ya kivuli na kuwekwa benchi. Na mchezo wa watoto uwe katikati, mahali ambapo mtu aliye jikoni anaweza kuwaona kwa dirisha.

Mama akawa anashuka asubuhi ngazi za ghorofa tatu, polepole, anashika ukuta. Mtu wa kwanza kuja kumwomba amfundishe kupanda matembele alikuwa nani? Yule mama wa ghorofa ya pili mwenye shuka la matope. Mama alimaliza dawa zake zote kama alivyoandikiwa. Na ule ufa? Mhandisi aliletwa, akasema ni wa zamani na maji ya mvua yalikuwa yameanza kupenya. Ulizibwa, na sakafu ikarekebishwa mteremko wake. Kwa hiyo magunia yangu hayakuuzaa ule ufa, lakini kama yangekaa pale masika mawili, sijui leo ningekuwa nazungumza nini.

Wenzetu katika nchi nyingine wamelifikiria jambo hili tangu kwenye ramani. Katika mji wa Vienna, Austria, kuna majengo yanayoitwa Alterlaa, yaliyojengwa katika miaka ya 1970 na 1980, yenye nyumba zaidi ya 3,000. Ghorofa za chini zimejengwa pana na za juu zinarudi nyuma, na kila roshani ya ghorofa hizo za chini ina hodhi kubwa la kupandia lililojengwa pamoja na jengo lenyewe. Mhandisi aliuhesabu udongo kabla ya zege kumwagwa. Kule Singapore, ambako watu wengi sana wanaishi katika maghorofa ya serikali, sakafu ya chini ya majengo mengi imeachwa wazi bila vyumba, ili watu wapate kivuli cha kukaa, kufanyia arusi na kuwekea msiba. Tangu mwaka 2005 wana pia mpango wa kuwasaidia wakazi kulima bustani za pamoja. Nasi tusijione wageni wa mambo haya. Hapa pwani babu zetu walijenga baraza mbele ya nyumba, mtu akakaa akiwa nusu kwake na nusu barabarani. Na kule Unguja na Pemba, baada ya Mapinduzi ya 1964, maghorofa yalijengwa hata Makunduchi na Wete, miongoni mwa wakulima na wavuvi. Hekima ya baraza tunayo, tusiiache chini tunapopanda ngazi.

Mwisho, nije kwenye fedha yako. Hapa Tanzania iko sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo. Kenya nao wana yao ya mwaka 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 1987. Maana yake kwa ufupi ni hii: mtu anamiliki sehemu yake kwa hati, na pamoja na sehemu hiyo ana fungu katika mali ya pamoja, kama vile ngazi, paa na uwanja. Wenye sehemu wana chama chao cha kuitunza mali hiyo. Kwa hiyo kabla hujauza ng'ombe wala ekari, mwambie kijana wako akuletee majibu ya maswali haya.

Moja: je, uwanja umeonyeshwa katika ramani iliyoidhinishwa kuwa ni mali ya pamoja, au muuzaji amebakiza haki ya kujenga hapo baadaye?

Mbili: roshani ni ya nani? Ni sehemu ya nyumba yako, au ni ya pamoja na wewe unaitumia tu? Ikipata ufa, nani analipa?

Tatu: roshani ina upana gani? Kama haifiki mita moja na nusu, meza na watu wawili hawatoshi, na itageuka stoo ya ndoo na mkaa.

Nne: maji ya roshani yanatokea wapi? Mwombe mwenye nyumba amwage kopo moja la maji sakafuni, utazame. Yakitiririka kuelekea kwenye tundu la bomba, vizuri. Yakituama karibu na ukuta, uliza tena.

Tano: chama cha wakazi kipo? Kinakutana? Mchango wa mwezi ni kiasi gani, na hesabu zinasomwa mbele ya watu?

Mtu akikujibu haraka haraka, "Hayo yatajulikana baadaye mzee," basi na fedha yako nayo isubiri baadaye.

Ndugu wakulima, kwa wale mnaosikiliza kwa vikundi, nawaachia maswali matatu ya kujadili. Kwanza, hapa kijijini kwenu ni eneo gani la wote ambalo limegeuka kuwa si la mtu, na ni masharti gani yangelirudishia mwenyewe? Pili, mzee akihamia kwa mwanawe mjini, apewe kazi gani ya mikono isiyomletea yeye wala jirani hatari? Tatu, familia ikikusudia kuuza ardhi kununua sehemu ya ghorofa, nani lazima akae katika kikao hicho kabla ya kusema ndiyo?

Mama yangu alirudi kijijini baada ya miezi 14, na bado analima. Alipoondoka aliwaachia wakazi mbegu za mchicha katika kikopo, akawaambia wasile zote, waache mashina mawili yazae mbegu. Nami nawaambieni vivyo hivyo.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi. Kwaherini, na kazi njema.